Saa Mbili kwa Saa Mbili

Yakutsk hadi Moscow:
kilomita elfu nne mia tisa, kasoro kidogo,
saa sita na dakika arobaini angani.
Lakini jua nalo linakwenda upande huohuo,
kwa hiyo unapaa saa mbili asubuhi
na unatua saa mbili na dakika arobaini,
asubuhi ileile.

Baba hakuwahi kupanda ndege.
Miaka thelathini na moja aliendesha lori
juu ya mto Lena ulioganda,
mlango wazi, mkanda haujafungwa,
ili barafu ikipasuka aruke.
"Safari gani hiyo," aliniuliza kwenye simu,
"unaondoka saa mbili, unafika saa mbili?
Hiyo si safari, Nyurguyana. Huko ni kusimama."

Yeye alipima mwendo kwa samaki.
Kila majira ya baridi alikwenda uwanja wa ndege,
akachagua uso kwenye foleni
(mwanafunzi, muuguzi, mara moja bondia)
akaukabidhi furushi la gazeti na kamba:
"Binti yangu atakupokea. Ana kofia nyekundu."
Jioni ananipigia, hata hali haniulizi:
"Ameyeyuka?"
"Hajayeyuka, Baba. Mgumu kama gogo."
"Basi si mbali."

Usiku wa kuamkia Jumanne, saa tisa,
Uybaan mwana wa Semyon alikata roho
kitandani, soksi miguuni.
Mimi huku nilikuwa bado Jumatatu,
saa tatu usiku, namenya viazi.
Kwa saa tatu nzima niliishi katika siku
ambayo baba hakufa ndani yake.
Hesabu hii nimeirudia mara nyingi.
Keskil, kaka yangu, alipiga saa sita kasorobo.
"Leo," alisema, "leo alfajiri,"
na leo ya kwake ilikuwa kesho yangu,
nikasimama na kisu cha viazi mkononi
nikisubiri ifike.

Asubuhi nilivaa kofia nyekundu.
Maana furushi lilikuwa njiani:
mchana wa jana yake alimpa jirani,
daktari wa meno, jina lake Praskovya.
Akatoka mlangoni, hana habari.
"Mzee wako ana maneno!" akacheka.
"Kanikataza nisimkumbatie samaki,
eti atapata joto."
Nikamshukuru. Sikumwambia kitu.
Alikuwa na sanduku lenye gurudumu bovu
na mtu wa kumpokea.

Samaki nilimfukia kwenye theluji ya roshani
nikapanda ndege usiku uleule, saa tatu.
Kurudi mashariki, deni hulipwa:
ukilala na kuamka, saa tatu na nusu asubuhi,
nusu ya usiku imeliwa
na hakuna wa kumdai.

Ardhi yetu haichimbwi, huombwa kwa moto.
Keskil na binamu wawili walichoma magogo,
wakasubiri, wakakoma majivu,
wakachimba udongo uliolegea, kiganja kimoja,
wakawasha tena.
Siku mbili na nusu kwenda chini mita mbili.
Ndege ingefika Moscow na kurudi mara nne.
Sijui safari ndefu kuliko hiyo
na sote tuliisafiri tukiwa tumesimama,
moshi machoni, hakuna aliyeulizwa analia nini.

Siku ya tisa nikaondoka saa mbili,
nikafika saa mbili na dakika arobaini.
Roshani ilikuwa nyeupe. Nikafukua.
Gazeti lilikuwa na jina langu kwa penseli,
herufi za mtu aliyezoea kuandika juu ya usukani.

Hadi jioni sikumgusa.
Simu ilikuwa mezani, kando ya chumvi.
Ilipofika saa yake ya kupiga
nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni:
"Hajayeyuka."
Kisha nikachukua kisu
nikaanza kuparuza, vipande vyembamba, toka mkiani.