Sindano ya Kofia

Ndugu yangu Msellem, karani wa makontena Kilindini,
alipostaafu alileta nyumbani rula ya chuma,
koleo la meno membamba, na ugonjwa wa merikebu.

Kwanza aliunda ya Wareno. Milingoti mitatu,
mizinga ya vijiti vya pamba za masikio,
kamba mia mbili na kumi na nne. Alizihesabu,
yeye ambaye hakuwahi kuhesabu wanawe wakichelewa kurudi.
Tukaiweka juu ya friji.
Friji ilipotetemeka usiku, Wareno walitetemeka nayo.

Kisha akasema: sasa mtepe.
Akabandika ukutani mchoro alioununulia fremu,
uwiano moja kwa ishirini,
akachana mbao za sanduku la majani ya chai
nyembamba kama ganda la muhogo,
akaziunga kwa gundi.

Mwezi mzima. Gundi ilishika vidole, ikashika gazeti,
ikashika mkia wa paka.
Ubao kwa ubao haukushika,
au ulishika, chombo kikawa na sura ya sanduku la viatu.

Mimi nilikuwa mkekani na oda ya bwana harusi wa Kuze,
nikitoboa vishimo, nikivizungushia uzi,
kishimo baada ya kishimo, kofia ya miezi minne
atakayoivaa Ijumaa mbili kisha ailaze kabatini.
Nikasema bila kuinua macho:
Msellem, hicho hakigundishwi. Hushonwa.
"Wewe wajuaje?"
Msumari haukuingia mle. Nipe hapa.

Tukagawana. Yeye atoboe, mimi nishone.
Nikafumua kamba ya makumbi hadi unyuzi mmoja,
nikaulainisha kwa nta na mate,
sindano ya kofia ikaingia ubao wa kwanza,
ikatokea wa pili,
ikarudi.
Hapo ndipo nilipoujua ubishi wa udogo:
ubao hukubali kupungua, fundo halikubali.
Mnazi hauna uwiano.
Sisimizi akipanda sitahani ni panya buku.
Jasho langu likidondoka, ni pipa.

Mafundo elfu moja na zaidi; zaidi ngapi, usiniulize.
Siku sita tulinuniana kwa ajili ya omo:
yeye ataka shingo ya ngamia kama ya mchoroni,
mimi nauliza ngamia gani huyo, mbona bata.
Tanga nililisuka kwa ukili wa miyaa, la pembe nne,
nikasuka, nikafumua, nikasuka.
Macho ya omo ni vifungo viwili vya koti la baba,
koti ambalo hakuna aliyethubutu kulitoa sadaka.

Siku ya kukishua: uani, beseni la kufulia.
Kikaelea! Msellem akashika kichwa.
Kisha maji yakaanza kuingia kwa kila tundu,
taratibu, kwa adabu,
kama wageni wavuao viatu mlangoni.
"Tumeharibu," akasema,
na machozi, mtu wa miaka sitini na mitatu.

Hatukuharibu. Chombo cha kushona huvuja.
Ndiyo maana palikuwa na mtu wa ngama,
kazi yake kufua maji mchana, kufua maji usiku,
akiimba, akitukana.
Mchoro haumwonyeshi. Yuko chini.

Nikavua subana kidoleni,
nikaitia ngamani, mdomo juu.
Kwa uwiano ule, ni ndoo kamili.

Mwenye duka la Ndia Kuu alikuja kukitazama.
Alitaka tuzibe matundu, tupake vanishi,
tutoe kidude hicho cha bati, kinaharibu picha.
Akataja bei. Bei nzuri, sidanganyi.
Msellem alikohoa. Alinitazama mimi kwanza.

Sasa Wareno wamehamia chini ya kitanda.
Mtepe uko juu ya friji,
nami nashona kofia bila subana,
kidole kimetobokatoboka
kama ubavu wake.