Visanduku Vitupu

Umeishika kadi yangu, Bwana Nandonde,
unagonga visanduku vitupu kwa kalamu:
"Bi Somoe, mbona ulitupotea?"
Huna ukali. Ndiyo maana nitakujibu.

Asubuhi si yangu.
Jogoo wa Mnyambe huwika mimi bado gogo,
vidole vimefumba kama vya kichanga,
na gari la kuja Ndanda halisubiri magogo.
Mpaka maji ya moto yanilegeze, nifunge kitenge,
jua limeshapanda, barabara imebaki vumbi.

Maji yenyewe tunanunua, unakujua kwetu juu.
Nauli ya kuja na kurudi ni madumu kumi.
Nikija kunyoosha vidole
nyumba nzima inalala na jasho lake.

Hiki cha Oktoba usikiulize.
Korosho ikidondoka haijui baridi yabisi;
niliokota nikitambaa, kwa magoti na viwiko.
Cha Desemba, fedha ya mnada ilikuwa haijatoka,
na bima ilikufa ikiisubiri.

Shemeji Mtalika alicheka mpaka akakohoa:
"Kukunja mkono na kukunjua, hiyo nayo dawa?
Dawa ni chungu, au ina sindano."
Nami nilimwamini kidogo,
maana siku ile ya kwanza uliponishika kiganja
usiku wake nilikesha nimekikumbatia
kama mwana wa mtu mwingine.

Lakini hiki cha Aprili, sikufichi,
nilikiacha kusudi.
Niliamka haniumi popote.
Nilifagia uwanja, nikamsuka Asnati nywele,
nikakaa tu naitazama mikono yangu.
Siku moja ya namna hiyo, Bwana,
mtu aipeleke hospitali?

Unataka kujua kilichonirudisha.
Si redio, wala lile bango lenu la mlangoni.
Ni mama Likunda wa Kitangari,
yule tuliyekuwa tukigombea naye benchi,
mwenye vifundo vibaya kuliko vyangu.
Nilimkuta gulioni anauza ming'oko.
Akachukua mmoja, akaumenya kwa kucha zake mwenyewe,
polepole, ganda lote,
akanipa.
Hakusema kitu. Nilikula huku nimeona wivu.

Ule mpira wako wa kuminya
wajukuu waliupiga teke, ukaishia chooni.
Siku hizi naminya donge la unga wa muhogo,
mara thelathini, kisha nalipika.
Cheka tu. Mwezi wa pili huu nafunga kifungo.

Haya, andika tarehe.
Usiandike asubuhi, wala msimu wa korosho.
Na kama kalamu yako ina nguvu kwa wakubwa,
waambie gari la chanjo hupanda kwetu kila mwezi
na nyuma ya dereva kuna kiti hakina mtu.
Nimekihesabu, mara saba sasa,
kama wewe unavyohesabu visanduku vyangu.