Ndewe

Barua ya chuo ilisema nije na koti. Nikacheka.
Kozi ya Kiangazi, iliandikwa, wiki saba,
Ukarabati wa Mawe, Lincoln.
Wiki ya kwanza nililala na koti juu ya sweta,
na asubuhi nikamuuliza Bi Maureen
mvua hii ya rasharasha mnaiitaje.
Akachungulia dirishani
kama mtu aliyeulizwa habari za jirani asiyempenda.
"Hii? Hii si mvua."

Nyumba yake imeng'ang'ania mlima mkali,
pembeni chuma cha kushikilia wazee na walevi.
Chumba changu kilikuwa cha Gareth, mwanawe,
aliyehamia Australia, akaviacha
vikombe vyake vya kuogelea juu ya kabati.
Nilivifuta vumbi kila Jumapili. Hakuniagiza.
Saa kumi na mbili kamili tulikula:
viazi, njegere, samaki,
viazi.
Saa tatu na nusu usiku mwanga bado umesimama mlangoni
kama mgeni aliyekwisha kuaga mara nne.
Nikajifunika shuka gubigubi
nipate giza langu mwenyewe.

Karakana iko nyuma ya kanisa kuu.
Mwalimu wetu, Neville Cragg, alipungukiwa kidole kimoja
na hakusimulia kilikokwenda.
Siku tatu hatukushika nyundo.
Gongeni kwa kifundo cha kidole, alisema, sikilizeni:
jiwe zima hulia kama kengele,
lenye ufa hukohoa.
Ilze wa Riga alisikia mara moja.
Mimi nilisikia njaa.

Kisha nikapewa sikio.
La malaika, la kushoto,
lililoliwa karne kwa karne na ile isiyo mvua.
Nichonge jipya, lifanane.
Mama kwenye simu: "Wewe usiye na ndewe wala sikio,
ndiye wakakupa sikio?"
Akacheka hadi salio likakatika.

Siku ya kumi na moja patasi iliteleza.
Ndewe ikadondoka, toh, sakafuni,
ndogo kama harage.
Nikaliomba jiwe radhi, kwa Kiswahili,
na karakana nzima ikanyamaza,
maana sauti yangu hawakuwahi kuisikia ikiwa nyumbani kwake.
Neville akatazama. "Haya," akasema,
akaenda kuchemsha maji.

Kwenye chai nikamtolea methali, nionekane nina akili:
bandu bandu huisha gogo.
Nikaifasiri vibaya, kwa mikono, gogo likawa mara mti mara mamba.
Akakoroga chai yake muda mrefu, na haikuwa na sukari.
"Sisi," akasema, "tunabandua ili lisiishe."
Nikaanza sikio upya.

Agosti, siku mbili, joto likafika kweli.
Mji ukapigwa bumbuwazi. Mapadri walitembea na chupa za maji,
Bi Maureen alitumbukiza miguu kwenye beseni la vyombo
akaniuliza, kama anayeuliza daktari,
kwenu mnalifanyaje.
Tunafunga mapazia, nikamwambia. Tunapunguza maneno.
Tukakaa gizani saa tisa za mchana, mimi na yeye,
bila neno, na kwa mara ya kwanza
sikuhesabu siku zilizobaki.

Sikio lilipanda juu kwa kamba, mita arobaini,
mahali ambapo njiwa tu ndio watalikagua.
Ilze alipiga picha: kidoa.
Nimemtumia Mama hicho kidoa. "Zuri," akajibu. "Lakini unakula?"

Siku ya kuondoka Bi Maureen hakunikumbatia.
Alinifunga vifungo vya koti, vyote, hadi shingoni,
na nje jua linawaka.
Hakujua nimeacha nini kule juu:
ile ndewe iliyodondoka,
kati ya kikombe cha fedha na kile cha shaba,
kabatini kwa Gareth.
Sijui kama anaifuta vumbi.
Sikumwagiza.