Hukumu Haikumtaja

Hakimu wa Mbale aligonga muhuri:
Khainza si mke wangu tena.
Mibuni ikagawanywa, masufuria yakahesabiwa,
hata jogoo kilema akapata mwenyewe.
Kuhusu mama yake, karatasi kimya.

Jana, kwenye foleni ya dawa,
nilimkuta mbele yangu.
Akavuta leso usoni, akageukia ukuta,
kama siku ile nilipopeleka ng'ombe.
Nami nikarudi nyuma, nikamkanyaga mtu.
Miguu haijasoma hukumu.

Jina lake likaitwa mara mbili. Hakusikia.
(Silitaji hapa pia; mkwe hatajwi.)
"Mama," nikauambia mlango, "zamu yako."

Akapita akiambaa ukuta.
Halafu, kutoka nyuma ya leso:
"Kile kifua chako, kilipona?"