Mayai Huwekwa Juu

Ferrara, Januari. Ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kuswagwa.
Nafuta kiti kwa mkono wa sweta,
nabonyeza tairi la nyuma:
bado lina pumzi. Twende.

Zamani, na zamani yenyewe ni mwaka juzi,
duka lilikuwa pale pembeni,
hatua sitini kutoka mlangoni kwangu.
Uliweza kuacha kitunguu kikikaangwa,
ukaenda kununua nyanya,
ukarudi kabla hakijaungua.
Norina alikuwa nyuma ya kaunta, penseli sikioni,
akiandika bei kwa herufi zake zenye mikia,
na ukiomba chumvi mara mbili kwa wiki moja
alikuuliza, "Kuna nini nyumbani?"

Sasa dirishani pana karatasi ya njano: Linapangishwa.
Kitunguu chetu kina safari ya kilomita nne.

Kilomita nne si kitu, asema shemeji yangu Learco,
naye ana gari.
Kilomita nne ni daraja la mfereji
ambapo pedali hukumbuka umri wangu;
ni kiwanda cha sukari kilichofungwa
na mbwa wake ambaye hajafungwa;
ni njia ya baiskeli, nyekundu, laini kama zulia la wageni,
inayokoma ghafla penye mzunguko wa barabara
kana kwamba mchoraji aliitwa mezani.
Hapo unashuka. Hapo malori hupita
na upepo wao hukushika shati.

Dukani kwenyewe kuna kila kitu ila mtu.
Mashine inanisalimu, inaniamuru,
inanishuku kwa ajili ya limau moja.
Nje pana maegesho ya magari mia tatu.
Ya baiskeli: chuma kimoja kilichopinda,
nyuma ya mapipa.

Nimejifunza kupakia.
Viazi chini, kulia na kushoto sawasawa,
la sivyo baiskeli inakuwa na maoni yake.
Maziwa katikati. Mkate utokeze kidogo, uone njia.
Mayai huwekwa juu, siku zote,
na juu yake skafu yangu.
Nina orodha tatu: yangu;
ya Dirce wa ghorofa ya pili, ambaye goti lake limegomea ngazi;
na ya tatu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wahenga hawakupanda daraja lile
na unga wa Dirce, na chupa zake sita za maji,
maana ya bomba hayaamini.

Ya tatu ilisukumwa chini ya mlango wangu, Novemba,
karatasi ya miraba, imekunjwa mara nne.
Sukari nusu kilo. Siki. Dengu, zile ndogo.
Sikuhitaji jina. Herufi zile zenye mikia
nilizisoma miaka thelathini
juu ya jibini, juu ya masanduku ya matufaha.
Aliyeulisha mtaa mzima
ana njaa kama sisi, na hana baiskeli.
Ya nini? Aliishi juu ya duka.

Leo nimempelekea. Yai moja limepasuka,
pale pale kwenye mzunguko.
Amefungua, amehesabu kwa midomo,
amechomoa penseli (bado ipo sikioni)
akajumlisha yote, na lile pia.
"Hilo litoe," nikasema. "Nililipasua mimi."
"Barabara ndiyo iliyolipasua," akajibu.
"Ila barabara haina pochi."

Akalimimina kwenye kikombe, akawasha jiko.
Nilikuwa nimegusa kitasa, glavu mkononi,
aliposema bila kugeuka:
"Huku juu naona vikapu vya watu.
Wiki hii umepita na chumvi mara mbili.
Kuna nini nyumbani?"

Nikatafuta kiti.