Vifuu Viwili

Umande ukingali majanini, Simbok hunishika bega
nami humwongoza juu ya tuta
lenye upana wa wayo mmoja na hofu kidogo.
Macho yake yaliingia ukungu mwaka ule wa majivu,
mlima ulipokohoa tukafagia paa siku tatu.
Shingoni mwake vinaning'inia vifuu viwili vya nazi:
cha kulia hupokea punje za mahindi, kwa wanaotulinda;
cha kushoto choroko, kwa wanaotula.

"Mashina ishirini, Wening. Usiruke. Usichague."

Nainama. Napuliza majani kama mtu anayepoza uji.
"Buibui wa mbio, kabeba mfuko wa mayai."
Ti.
"Na mwenzake." Ti.
Afisa wa kilimo alitwambia buibui si mdudu,
ana miguu minane, ana ukoo wake.
Simbok akamjibu: anayelinda kwangu ni jamaa.
"Kidudu-kobe, mwekundu." Ti.
"Kereng'ende."
"Wa rangi gani?"
"Pilipili iliyoiva."
Hapo mkono wake husita juu ya kifuu.
"Huyo mpita njia. Nionyeshe mtoto wake majini,
ndipo nijue maji haya yana uhai."

Nachota tope kwa kichujio cha chai.
Yumo, mbaya wa sura, taya limekunjwa chini ya kidevu,
anatafuna kiluwiluwi cha mbu bila haya.
Maji ya kifuu, kwa chungu, bahari;
wayo wangu uliojaa maji, kwa huyu, mji.
Ti, ti.
Wa majini huhesabiwa mara mbili.

Kisha shina la kumi na moja,
chini kabisa, pale linapoingia maji:
vidudu vya kahawia, wima, bega kwa bega, vinafyonza.
"Wangapi?"
"Wengi."
"Wengi si idadi."
"Thelathini na wanne."
Kifuu cha kushoto kikaanza kuvuta uzi.

Ng'ambo ya tuta ni kwa Tukijan, aliyemwoa marehemu dada yake.
Mpunga wake ulikuwa kijani kama uliopakwa rangi.
Bomba lilipita mgongoni mwake kila siku ya Pahing,
fsss, fsss,
hata mabuu yalipokuwa hayajazaliwa.
Nilimwonea wivu, sitaficha.
Nilisema: tununue nasi, hata chupa moja.
Simbok akaugeuzia sikio mpunga wa shemejiye.
"Sikiliza."
Sikusikia kitu. Wala chura.
"Ndicho hicho," akasema.

Mwezi wa pili tangu kupandikiza, doa likatokea kwa Tukijan,
dogo kama sinia,
kisha mkeka,
kisha uwanja wa harusi,
kahawia, kama chai iliyomwagika.
Kwetu pia palikauka, nisidanganye:
pembe ya kusini yote, robo ya chakula chetu.
Punje hazikushinda.
Hazikushindwa tu.

Usiku akaja, na tochi na gunia tupu.
Hakukohoa mlangoni kama desturi yake.
"Naomba majani makavu," akasema, "mafungu machache."
Majani!
Kila mmoja wetu alijua anaomba nini:
waliolala ndani yake, na mayai yao mgongoni.
Nilikuwa na maneno tayari, makali, nimeyanoa msimu mzima.
Simbok akanikanyaga mguu.
Akapapasa mafungu moja moja gizani,
akayaweka karibu na uso, akayasikiliza,
akachagua sita, akampa mikononi
kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala.
"Pita taratibu," alimwambia. "Usiyatikise."

Kabla ya kulala alitoa punje kumi na saba
kutoka kifuu cha kulia, akazifunga pembeni mwa khanga.
Sikuuliza.
Alfajiri tulihesabu mashina ishirini kama kawaida,
na matano zaidi, ng'ambo ya tuta.