Nyuzi Arobaini na Moja

Bi Aulikki amenipima kwa kipimapembe cha plastiki,
kile wanachobeba watoto wa shule:
kulia, nyuzi sabini.
Kushoto, arobaini na moja, kisha ukuta.
Nilikuja kwake shingo upande,
kwa maana zote mbili.

Nje, Tampere, ni saa tisa tu mchana
na taa za barabarani zimeshawaka.
Gari la kusukuma theluji linapita, linarudi,
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Kazi yangu ni kuwahamisha wafu.
Vitabu vya parokia, mwandiko wa kasisi
aliyeshikwa na baridi vidoleni:
jina, kijiji, sababu. Homa. Homa. Njaa. Homa.
Nawatoa kwenye karatasi, nawatia kwenye kompyuta,
saa nane kwa siku, kidevu mbele
kama kuku aliyeona punje nje ya ua.
Miaka kumi na mmoja shingo ilinyamaza.
Ilipopata ulimi, ilichagua usiku.

"Kichwa chako," anasema, vidole ukosini mwangu,
"ni ndoo ya matunda ya msituni, imejaa hadi ukingoni.
Ibebe utosini, utafika nyumbani.
Ibebe kwa mkono ulionyooka mbele,
tuone kama utafika getini."

Anakanda. Si kama unga; unga haulalamiki.
Anatafuta fundo kama sindano iliyopotea godoroni,
na akilipata halifokei.
Dole gumba linatua hapo, linangoja,
mpaka fundo lichoke kuwa fundo.

Halafu zoezi. Vuta kidevu nyuma.
Si chini, nyuma,
kama umeletewa samaki wa juzi.
Hesabu hadi tano. Tena.
Kiooni naota videvu viwili,
mwanamke wa miaka hamsini na minane,
na mwenzangu hacheki.
Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni,
na kila nusu saa simama,
"hata ukimwacha mtu katikati ya jina lake."

Skrini nayo ipande, ifike usawa wa macho.
Nikaipandisha juu ya ensaiklopidia ya Ilmo,
A hadi K.

Wiki ya pili, nyuzi hamsini na tatu.
Wiki ya nne, hamsini na tatu.
Akakitua kipimo chake mezani.
"Kushoto kwako kuna nini?"
Nilidhani anauliza habari za msuli.
"Pale unapofanyia kazi."
Dirisha, nikasema.
Dirisha liko mbele.

Kushoto kuna kiti cha Ilmo.
Kuna kipanya chake kilichofungwa kwa gundi ya karatasi,
maana hakutupa kitu mpaka kife mara mbili.
Tulikaa bega kwa bega, yeye na hesabu za maduka ya watu,
mimi na marehemu wa watu,
na mara kwa mara nilikuwa nageuka kumuuliza
herufi hii ni nini, n au u?
Naye hakujua hata siku moja, lakini alijibu.
Miaka miwili sasa sijauliza.

Hakuniambia pole, Aulikki.
Aliweka kiganja kwenye shavu langu la kushoto.
"Nisukume. Kidogo tu,
kama unafungua mlango wa chumba alimolala mtoto."
Nikasukuma.
Pingili moja ikasema: tk.

Usiku huu nusu saa imetimia
nikiwa katikati ya msichana aitwaye Heta,
miezi tisa, kijiji hakisomeki.
Nimemwacha kwenye t.
Nimesimama, nimevuta kidevu, nimegeuka,
polepole, mpaka kwenye ukuta, na kidogo kupita ukuta.

Kitini kuna juzuu zilizobaki, L hadi Ö.
Nilizitua mwenyewe siku ile bila kutazama.
Zimeshika vumbi.
Bado panauma.
Moja, nahesabu. Mbili.